Maiti wa Kidato cha Tatu

Siku hizi nafundisha tamthilia kama wanavyotaka. Nasimama ubaoni, naandika dhamira, wahusika, ujumbe, nao wananakili. Hakuna anayecheka. Mtihani ukija wanajibu vizuri, nami napongezwa. Ukitaka kujua namna ya kuua mchezo wa kuigiza, njoo darasani kwangu nikuoneshe.

Nilipohamishiwa shule hii ya Raskazone nilikuwa na jeuri kidogo, na mbinu zangu mwenyewe. Kitabu tulikifunga kwanza. Madawati tuliyasukuma ukutani, na badala ya kumpa mwanafunzi maneno ya mtu mwingine ayakariri, nilimpa utani. Kidato cha tatu kilijaa Wadigo na Wabondei, na hao hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha kuchokozana, wamezaliwa watani. Mdigo akiingia, Mbondei anamwiga anavyotembea. Naye anajibiwa. Mchezo umeshaanza hapo, na hakuna anayejua kwamba anasoma.

Alikuwepo binti mmoja wa Kidigo, akikaa Ngamiani na baba yake na bibi yake. Alikuwa na kigugumizi. Asubuhi moja alitusalimu koridoni, "Shi... shi...", na walimu wenzangu wakamwitikia haraka wapite zao. Mimi nilisimama. Sikuitikia mpaka alipomaliza, na kengele ilikuwa imeshalia. Ualimu wangu wote ulikuwa huo: kusubiri.

Kisha tukaigiza msiba. Kwa watani, msiba si kilio tu. Mtani huja, akamwiga marehemu, akausema ubahili wake na usingizi wake, mpaka wafiwa wanacheka machozi hayajakauka. Mbondei mmoja mtundu alilala juu ya meza tulizoziunganisha, akawa maiti. Binti akaingia kama mtani wake, akamshika kidole cha mguu.

"Amka wewe! Wafa na machungwa yako ya Muheza, hata moja hukutugaia? Haya, huko wendako nani atakumenyea?"

Hakukwama hata neno moja. Maiti mwenyewe alicheka, darasa zima likaangua kicheko, nami nikageukia dirishani nifute macho. Tukapanga kuuonesha mchezo siku ya wazazi. Nilitaka baba yake amsikie anavyosema. Sikutaka kingine.

Siku hiyo binti alikuja na kitambaa cheupe, bafta mpya, akamfunika maiti kwa sababu alitaka msiba wetu uonekane msiba kweli. Nilimsifu mbele ya wenzake. Hatukumuuliza amekitoa wapi. Kumbe amekitoa sandukuni kwa bibi yake. Wazee wetu huku pwani hujiwekea sanda mapema, pamoja na kafuri, ili siku yao ikifika wasimsumbue mtu.

Harufu ya kafuri ndiyo iliyomwinua baba kitini. Alipanda jukwaani kabla binti hajafungua kinywa. Akamfunua yule maiti taratibu, akaikunja sanda kwa adabu kama anavyokunja mtu mswala wake.

"Mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini, "mie nalikuletea mwana umsomeshe. Wewe wamvisha mtu hai sanda ya mamangu. Huu si mchezo, ni uchuro."

Nilikuwa na majibu mengi. Nikasema, "Samahani, baba." Mkuu wa shule alifuta maigizo kabla viti havijarudishwa madarasani, akanikumbusha kwamba mtihani hauna swali la kuchekesha maiti. Baba aliondoka na sanda mkono mmoja na binti mkono wa pili. Hakuwa amemsikia.

Bibi alikuwa mgonjwa wa moyo siku nyingi, na mtaa mzima ulijua. Lakini alipofariki muda mfupi kabla ya Ramadhani, moyo haukutajwa. Ilitajwa bafta. Nilikwenda kuhani. Watani wa Kibondei walikuwa wamekwishafika, wanamwiga marehemu anavyotafuta miwani aliyoivaa, wanataniana na wafiwa mmoja mmoja, hata baba akacheka. Binti alikaa karibu na mlango wa uani, macho chini. Watani walimruka. Wakafika kwake, wakapita, wakaendelea na shangazi yake. Nilikasirika, maana nilijua kuna mtu mmoja tu pale ambaye angeweza kuwajibu wote. Lakini ningemwambia nani? Nilikunywa kahawa yao, nikaaga.

Alirudi shule. Anakaa nyuma, ananakili, hati yake nzuri.

Juzi tulikutana koridoni. "Shi..." alianza. "Shi..." Darasa lilikuwa linaningoja na chaki yangu, na mwalimu wa taaluma amesimama mlangoni anatazama saa.

"Marahaba," nikasema, nikapita.