Sweta na Kebo Mbili

Ofisini walimwita Sweta, kwa sababu chumba cha seva kina baridi ya mochwari na yeye ndiye maiti pekee mle aliyelipwa mshahara. Alikuwa fundi wa mtandao, peke yake. Kutwa alizisemesha mashine, nazo zikamvumia tu.

Dada yake mkubwa alimwita kila likizo. Jibu lilikuwa lile lile: "Dada, nikitoka huku wote wanakwama." Mke hana, marafiki wameadimika, alichokuwa nacho duniani ni huko kukwama kwa wenzake.

Safari hii dada alipasuliwa goti. "Uje," alisema, "au ukome kuniita dada."

Sweta akaomba ruhusa. Bosi akamtazama. "Na mtandao ukikatika, niwashe mshumaa?"

Basi akaingia kazini. Kila seva ilikuwa na kebo mbili, ili moja ikifa nyingine ishike. Lakini fundi wa zamani, Mungu amlaze anapostahili, alizichomeka zote kwenye swichi moja, kile kisanduku kinachogawa mtandao. Swichi ikizimika, kebo zote mbili zinakuwa kamba za kuanikia nguo. Sweta akazitenganisha, kila moja na swichi yake, kisha akazipanga kwenye mfumo zipokezane zenyewe. Akamwita bosi ashuhudie.

"Nazima swichi moja, mzee."

Bosi akafumba macho kama anayechomwa sindano. Swichi ikazimwa. Kule uhasibu waliendelea kutazama mpira kwenye kompyuta. Hakuna hata aliyeguna.

"Kumbe vinajiendesha," bosi akasema. "Nenda bwana. Kaa hata mwezi."

Hiyo "hata mwezi" aliirudia kimoyomoyo njia nzima.

Kwa dada alikaribishwa kwa masimango. Mguu wake ulikuwa juu ya mito, ulimi mzima kabisa. "Mbona simu yako haiiti, mdogo wangu? Leo hawakwami?"

"Imezima chaji, dada."

Ilikuwa inawaka kiganjani. Akatoka, akaenda nyuma ya jiko, akapiga ofisini mwenyewe. Binti wa mapokezi akapokea.

"Mtandao upo?"

"Upo, tena unakimbia. Samahani, naongea na nani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

Sweta akasema amekosea namba. Simu ilikuwa bado sikioni sauti ya dada ilipotoka ndani: "Wewe! Nani atanishika mkono niende chooni?"