Ghorofa Yangu ya Stroberi

Nawasimulia leo kwa sababu wengi waliokuwa kanisani siku ile wameshahama mtaa wetu wa Jericho, Nairobi, na waliobaki wamechoka kunicheka, kwa hivyo sasa zamu ni yenu. Mimi ndiye yule fundi. Ndiyo, yule wa stroberi. (Msijifanye hamjawahi kusikia.)

Miaka hiyo ya sabini cherehani yangu ilikaa barazani karibu na soko la Jericho, chini ya kibao nilichoandika mwenyewe, UZI WETU HAUKATIKI, na moyo wangu ulikaa kwa Wanjiru, jirani wa mstari wa pili. Wanjiru alinikubali bila maneno mengi. Shida ilikuwa mamake. Mama Wanjiru alilelewa Murang'a kwenye miteremko ya mashamba, na kwake yeye mwanamume asiyelima ni pambo la nyumba. Nilipopenyeza habari kwamba wazee wangu wangependa kushuka kutoka Bungoma waje kubisha hodi, aliniangalia mikono kwanza, halafu akasema mbele ya wateja wangu:

"Fundi, mtu wa kukaa chini mchana kutwa atamlisha nini mtoto wangu? Kitambaa hakichemshwi. Siku ya Mavuno nitaangalia umeleta nini mbele ya kanisa, ndipo tutaongea."

Mavuno, kwa wale msioenda kanisani (najua mko), ni ile Jumapili kila mtu analeta alichovuna, kinawekwa mbele, kisha kinapigwa mnada na pesa zinakuwa za Bwana. Wenye mashamba huleta mikungu ya ndizi na magunia ya viazi. Shamba langu mimi lilikuwa ua wa nyuma, nafasi ya kuanika suruali moja, tena iwe ya mtu mwembamba.

Hapo ndipo akili yangu kubwa ikaamka. Rafiki yangu alikuwa akitunza bustani ya Mzungu huko Karen, akaniletea miche ya stroberi imefungwa kwa gazeti. Nikatafuta madebe matatu ya mafuta ya kupikia, nikatoa vitako vya yale mawili ya juu, nikayakata mifuko midogo midogo ubavuni pande zote (mfuko ni kitu ninachokijua), nikayapanga moja juu ya lingine, katikati nikasimamisha kipande cha bomba chenye matundu ili maji yafike mpaka chini, nikajaza udongo na samadi ya sungura wa jirani, na kila mfuko ukapata mche wake. Mtaa ukaiita ghorofa. Watu wakawa wanakuja kuitazama, na mimi, mkulima mkuu wa Eastlands, nikawa nawaeleza habari za udongo huku nimeweka mikono nyuma kama bwana shamba wa serikali.

Na zikazaa, bana! Wiki ile ya Mavuno ghorofa ilikuwa nyekundu tupu. Wanjiru akaniambia, "Si uchume hizi zimeiva, zitaharibika." Mtu mwenye akili angechuma. Mimi nikasema la, zitakaa kwenye miche mpaka Jumapili, mamako azione zikining'inia, na hata Wanjiru mwenyewe nikamkataza kuonja. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu hivyo.

Jumamosi asubuhi nikatoka kupeleka majoho mapya ya kwaya, ya rangi ya damu ya mzee, yenye nakshi ya kijani mikononi, kazi ambayo mpaka leo naisifu. Kurudi, nakuta ndege wa Jericho wamefanya Mavuno yao mapema. Walibakisha vitunda vitatu tu, vya kijani, vigumu, ambavyo hata wao walikuwa wamevidonoa wakaviacha.

Sasa hapo ningesema tu ukweli, sivyo? "Mama, ndege wamenimaliza." Naye, mtu aliyefukuza ndege shambani tangu utoto, angenielewa pengine kuliko mtu yeyote kanisani. Wapi! Nikadandia basi mpaka soko la mjini wanaponunua Wazungu, nikanunua stroberi, nikarudi, nikafunga mlango, nikatia uzi kwenye sindano. Nikaanza kushona matunda kwenye vikonyo. Na kwa kuwa fundi mzuri hakati uzi ovyo, nikatumia uzi mmoja, kutoka debe la juu mpaka la chini, nikizunguka tunda baada ya tunda, nikamalizia na fundo langu maarufu. Ulikuwa uzi wa kijani, ukapotea kabisa kwenye majani. Nilisimama nikaiangalia kazi ile, nikajipenda sana.

Jumapili nikaisukuma kwa mkokoteni, kanisa zima likageuza shingo. Mwenye mnada alikuwa Mzee Habakuki, mstaafu wa reli, sauti yake haikuhitaji spika. "Ghorofa hii haina kodi ya kanso ya jiji! Nani anahamia?" Bei ikapanda, ikapanda, mpaka kwenye viti vya kwaya akainuka Mama Wanjiru na joho lake jipya. "Acheni kushindana," akasema. "Hiyo ni yangu. Imetoka nyumbani."

Nyumbani! Mnasikia? Akina mama wakapiga vigelegele, Wanjiru akainamisha kichwa akitabasamu, na mimi nikaanza kupanga ni mjomba gani ataongoza wazee.

"Lakini Pasta aonje kwanza," Mama Wanjiru akaongeza.

Pasta akashika moja ya juu, akavuta, ikakataa, akavuta kwa imani zaidi, ikatoka. Akaitia mdomoni, akageuka kurudi kitini kwake huku anatafuna. Ile ya pili ikamfuata. Kisha ya tatu, ya nne, vikonyo vikikatika ta! ta! ta!, stroberi zikashuka ghorofa na kupita sakafuni nyuma ya Pasta kwa mstari kama watoto wa shule ya Jumapili. Nikaomba uzi ukatike. Kibao changu, kwa bahati mbaya, kilikuwa kinasema kweli.

"Pasta, simama!" Mzee Habakuki akapiga kelele. "Unaondoka na mazao!"

Mama Wanjiru akainama, akaokota uzi, akauinua kwenye mwanga, halafu polepole akauweka juu ya nakshi ya mkono wake. Kwaya nzima ikaangalia mikono yake.

"Haiya! Fundi," akasema, "huu si uzi wa joho langu?"

Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Nilifika nyumbani nikalia, sioni haya kusema, kwa sababu kicheko ningekizoea lakini Wanjiru nilijua nimempoteza.

Jumatatu nikiwa nimeinamia cherehani, mkokoteni ukasimama mbele ya baraza. Mama Wanjiru akaishusha ghorofa mwenyewe.

"Hii niliinunua, ni yangu," akasema. "Wewe utainywesha maji. Siku itakapozaa bila sindano, utume wazee wako. Na zikiiva uchume, mjinga wewe!"

Niliifunika kwa chandarua, nikainywesha asubuhi na jioni, zikazaa, nikachuma, nikampelekea kwa bakuli. Wazee wakashuka kutoka Bungoma, tukaoana. Na tangu siku hiyo sijatia sindano kwenye kitu kisicho na mikono au kola, wala sitatia. Ila mama mkwe hajasahau. Mpaka leo akija kwangu ukamwekea tunda mezani, hata kama ni ndizi, analishika ncha kwanza, analivuta taratibu, anangoja aone kama kuna lingine linafuata.