Ufunguo wa Zamani, Kitasa Kipya

Hadi leo nikinusa shaba iliyotoka kupigwa tupa, nakuwa tena mtoto wa darasa la nne pale Sumbawanga, na sweta langu la shule, ufunguo ukining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Naipenda harufu hiyo, ndugu zangu, ila hainiachi bila simanzi.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko kutoka Mbeya. Mama alikaa nasi kidogo tu. Asubuhi moja ya baridi alipanda basi la kupitia Laela, akaniambia anakwenda kumsalimia bibi. Ufunguo wake wa mlango aliondoka nao, na hilo ndilo lililonipa moyo. Mtu asiye na nia ya kurudi, niliwaza, angeuacha mezani.

Basi nikawa narudi shuleni, najifungulia, nakaa kusikiliza upepo ukigongagonga bati. Watoto wa majirani walicheza kwa Kifipa, nami Kifipa nilijua salamu tu. Nilikuwa mpweke hata nikawa napiga soga na kuku wetu, nao hawakuwa wasikilizaji wazuri.

Siku moja baba akabadilisha kitasa. "Kile cha zamani kimekufa," alisema, akanipa ufunguo mpya. Niliingiwa na hofu. Mama je, akija sisi hatupo? Si atajua tumemfungia nje?

Kesho yake, baba akiwa kazini, nililegeza skrubu, nikachomoa kiini cha kitasa, nikakimbia nacho kwa Babu Funguo, mzee aliyechonga funguo nyuma ya soko.

"Shikamoo babu. Naomba kitasa hiki kikubali ufunguo huu wa zamani."

"Marahaba. Wenzako huleta kitasa nikakichongea ufunguo. Wewe unataka kitasa ndiyo kifuate ufunguo?"

"Mama anao kama huu. Atakuja nao."

Alinitazama, kisha akanisogezea kigoda. "Haya kaa, mjukuu wangu. Bahati yako kitasa hiki na kile cha ufunguo wako ni vya aina moja."

Akakifungua. Ndani mlikuwa na pini ndogo za shaba, kila moja na springi yake. Alinieleza kwamba meno ya ufunguo huziinua, na zote zikifika usawa mmoja kiini huzunguka. Moja ikizidi au ikipungua, hakizunguki ng'o. Akachomeka ufunguo wangu, akanipa kibanio na kopo la pini, nikawa najaribisha: hii ndefu, hii fupi, hii ndiyo yenyewe. Kilipozunguka nilicheka kwa sauti, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau.

Nilikirudisha mlangoni, na kwa furaha ile sikukumbuka kwamba baba naye alikuwa na ufunguo mpya. Jioni nikamsikia nje akiuzungusha, umegoma. Nilimfungulia, nikamweleza kazi yangu kwa majivuno. Nilitegemea anisifu au anichape. Badala yake aliketi kizingitini na koti lake mpaka chai ikapoa.

"Sawa, mwanangu," alisema mwishowe. "Kiache hivyohivyo."

Asubuhi niliuona ufunguo wake wa zamani umerudi kwenye mnyororo wake.

Mama hakurudi. Tulikaa katika nyumba ile mpaka namaliza shule, na kitasa hakikubadilishwa tena.

Mwaka jana tulimzika baba. Nikipanga vitu vyake nilikuta chini ya sanduku kile kitasa cha zamani, kimeviringishwa kwenye kitambaa. Siku hizi mimi ndiye ninayechonga funguo, siwezi kuona kitasa kibovu nikakipita. Nikachomeka ufunguo wangu wa utotoni. Ukazunguka laini, bila kukwama popote.

Hakikuwa kimekufa. Baba alikuwa amemfungia mama mlango makusudi, mimi nikaufungua, naye akakubali ubaki hivyo. Niliketi sakafuni nikalia sana. Miaka yote ile nilidhani namngoja mama peke yangu.