Milembe, fundi wa chembe aliyeangushwa na majivu ya baba yake

Saa mbili asubuhi, kwenye karakana ndogo mjini Bariadi, Milembe Shigela anazima feni, anafunga madirisha, kisha anawasha umeme wa volti elfu kumi na tano. Kwenye ncha ya sindano, tone la polima (jamii ya plastiki) iliyoyeyushwa na kuchanganywa na dawa linachongoka, linapasuka, linakuwa manyunyu.

"Hapo usipige hata chafya," anasema bila kugeuka.

Matone hayo yana chaji ya aina moja, kwa hiyo yanasukumana hewani. Yanakauka kabla ya kutua kwenye bamba la chuma, na kinachobaki ni chembe laini kuliko unga. Kila chembe imebeba dawa ya kuzuia mbegu ya pamba isioze ardhini, na huiachia kidogo kidogo.

Milembe, 29, mtoto wa wakulima wa Kasoli, ndiye fundi pekee wa mtambo huu. Nusura aupoteze. Mbegu za majaribio alizozivisha chembe na kumpa baba yake, mzee Shigela, apande, ziliota thelathini na nane tu katika kila mia. Msimamizi wake, Constantine, akampa msimu mmoja wa mwisho.

"Nililia, sikufichi," anasema Milembe. "Mzee naye akasema, si nilikwambia unachezea umeme tu?"

Jibu alilikuta uani kwa huyo huyo mzee: beseni la majivu yaliyoloweshwa. Kumbe mzee alizisugua mbegu kwa majivu hayo kabla ya kupanda, kama walivyofanya wazee wake, ili manyoya ya pamba yasizishikanishe. Dawa yote ikabaki kwenye beseni!

"Sasa mbegu ya manyoya utaipandaje bila majivu?" mzee anauliza hadi leo, wala hana habari.

Mwingine angemhubiria. Milembe aligeuza mpangilio tu: majivu kwanza, chembe baadaye. Akamwita mzee karakanani asugue mwenyewe, na mbegu zilipokauka, binti akazivisha chembe.

Safari hii Constantine alikwenda shambani kuhesabu kwa mkono wake. Themanini na tisa katika mia. Mtambo umebaki, na fundi wake pia, kifua mbele.

Msimu ujao Milembe anataka kuwaandalia mbegu wakulima kumi na wawili wa Kasoli, kila mmoja aje na majivu ya jiko lake.

Wa kwanza keshafika. Mzee Shigela amesimama mlangoni, debe la majivu mkononi.

"Mwangaluka, fundi," anamsalimia kwa Kisukuma.

Milembe anainamia sindano yake, machozi yakimlengalenga. Mzee hajawahi kumwita fundi.