Maili Themanini Nikiwa Nimefungiwa Chooni

Wakuu, chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize.

Mimi Duane Pruett, mtu mzima wa miaka sitini na nane, nimesafiri kutoka Quartzsite mpaka Yuma nikiwa nimekaa juu ya choo, mlango haufunguki, na gari siliendeshi mimi.

Nianze na harufu.

Januari ile tulikuwa tumeegesha jangwani, mimi na mke wangu Charlene, pamoja na mamia ya wazee wenzetu waliokimbia theluji. Trela yetu ni ile kubwa ambayo shingo yake inalala juu ya bodi ya pikapu. Sola, betri, pampu ya maji, vyote nimefunga kwa mikono yangu. Hakuna waya humo nisioujua.

Sasa ikaanza kunuka.

Nikasema ni tangi la choo. Nikalimwaga, nikalisuuza mara tatu, nikatia dawa. Bado. Nikapanda juu ya paa, nikabadilisha mpira wa bomba la hewa. Bado. Nikaziba na tundu la feni la chooni, nikisema labda inaingilia huko.

"Duane," Charlene akasema, "tangi halinuki hivyo. Ni mguu wako."

"Mguu wangu una nini?"

"Una shimo, mzee. Ulitaka uwe na nini kingine?"

Nina kisukari. Siku kumi nyuma nilikanyaga kipande cha waya kwa unyayo wa kulia, na kwa kuwa siku hizi miguu yangu imekufa ganzi, nilijua baada ya soksi kulowa damu. Nikaosha, nikazungushia selotepu nzito ya kuzibia mabomba. Imezuia mvua paani miaka sita, ishindwe na mguu?

"Utakatwa huo," Charlene alikuwa ananiambia kila siku. "Twende hospitali."

Sikutaka hata kuisikia. Baba yangu aliingia hospitali na kidonda cha kidole gumba cha mguu, akatoka hana goti. Na mguu wa kulia ndio wa mafuta na breki. Ukienda huo, trela nayo imekwenda, nabaki mzee wa kukaa dirishani kwa binti yangu Nebraska. Niliogopa, wakuu. Leo nasema hivyo, wakati ule nilisema nina kazi nyingi.

Na kazi ilikuwepo. Wiki hiyohiyo ukuta wa jikoni ulianza visa.

Hizi trela zina ukuta ambao ukifika kambini unabonyeza swichi, unatoka nje na makabati yake, ndani panapanuka. Ukitaka kuondoka unaurudisha. Wangu ukawa unajirudisha wenyewe! Mara mbili natoka kupiga soga kwa jirani, narudi nakuta umeingia nusu. Nikabadilisha fyuzi, nikabadilisha swichi, nikalala chini ya trela mchana kutwa. Sikuona tatizo.

Alhamisi, asubuhi, nimekaa chooni nabadilisha selotepu, nikasikia mota inanguruma.

Ukuta unakuja.

"We! Charlene! Zima swichi!"

Mlango wa choo chetu unafungukia nje. Nikausukuma, ukagonga kabati la jikoni. Ikabaki nafasi ya vidole vinne. Nikapiga bega. Wapi! Simu iko kitandani inachaji. Dirisha la humo halifunguki, kioo chake ni cha ukungu, na ni la upana wa gazeti, na mimi si mtu wa upana wa gazeti.

Kiunoni nilikuwa na redio ya upepo. Kila mwenye trela anazo mbili, ya dereva na ya anayemwelekeza wakati wa kurudi nyuma.

"Charlene! Ukuta umerudi wenyewe, nimebanwa chooni! Kazime betri!"

Kimya.

Halafu nikasikia dizeli ya pikapu yangu inarudi nyuma.

Huku kwetu kuna adabu moja: mtu anayefunga trela kwenye gari hasemeshwi, hata na mkewe. Ukimsemesha atasahau hatua, na hatua moja inatosha kuiangusha trela yote barabarani. Kwa hiyo miaka sita mimi nafunga, Charlene amesimama pembeni kimya.

Sasa nami nikawa kimya, masikio wima.

Ka! Pini ya trela imeingia kwenye taya za kufuli la pikapu. Waya wa taa umechomekwa. Miguu ya mbele inapanda. Mbao za kuzuia magurudumu zinatupwa kwenye ndoo. Ngazi imekunjwa.

Huyu ni mwizi, nikasema. Na kazi anaijua.

Trela zinaibwa jamani, tena mchana kweupe. Nikapiga ukuta ngumi, nikamwita jirani yetu Rudy Tafoya mpaka sauti ikakauka. Rudy amekaa hatua ishirini tu, na ni mtu anayesikia pakiti ya krispi ikifunguliwa akiwa usingizini. Hakuitika.

Pikapu ikavuta kidogo huku breki za trela zimeshika. Ikaachia. Ikavuta tena.

Hapo nikachanganyikiwa. Hicho ni kipimo cha kujua kama kufuli limeshika kweli. Mwizi gani anapima?

Tukaondoka.

Tulipofika lami, redio ikakoroma.

"Duane, nimekusikia tangu mwanzo. Kaa chini ushike sinki. Mbele kuna bonde."

"Charlene? Nani anaendesha?"

"Mimi."

"Wewe hujawahi kuendesha hili dude!"

"Ndiyo nimeshaanza. Sinki, Duane!"

Tukaingia bondeni, tukatoka. Chupa ya shampuu ikaniangukia utosini.

"Simamisha gari, bibie. Unanipeleka wapi?"

Hakujibu. Nikauliza tena. Nikatukana kidogo. Nikabembeleza. Redio imenuna, magurudumu yanalia, na mimi sioni nje hata nguzo ya umeme.

Ndipo nikakumbuka. Yuma kuna uwanja wanaonunua trela zilizotumika, na Charlene ana mwaka wa pili anasema hii tuiuze.

Mungu wangu. Anakwenda kuiuza, na mimi nimo.

"Charlene, usiiuze. Tuongee kama watu wazima."

"Tumeongea siku kumi. Mdomo umechoka."

Nikakaa. Joto likapanda, na ile harufu ikaja, safari hii nzito mpaka machozi yananitoka. Tundu la feni nimeliziba mwenyewe, hewa itoke wapi?

Nikawa nalilaani tangi. Halafu nikajiuliza: tangi gani? Jana nimelisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Nikainama, nikanusa choo. Hakuna kitu, kinanukia dawa ya limau.

Nikauinua mguu.

Sitawaelezea nilichonusa. Nilibandua selotepu yote, hata ya chini ambayo nilikuwa naiacha kila siku kwa uvivu. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi, na cha pili yake kinakifuata.

Nililia. Mle ndani peke yangu, hakuna pa kutokea, hakuna paa la kupanda wala waya wa kufuatilia ili nisiuangalie mguu wangu. Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini si kama pale.

Nikabonyeza redio. "Charlene."

"Nipo."

"Ni mguu."

"Najua, mzee."

"Kidole kimekuwa cheusi. Viwili."

Halafu nikasikia pikapu inaongeza mwendo.

Tuliposimama, mota ikanguruma, ukuta ukatoka nje, mlango wa choo ukafunguka. Mbele yangu amesimama Charlene, na nyuma yake manesi wawili wa hospitali ya Yuma na kiti cha magurudumu. Alikuwa amewapigia simu tangu jana yake.

"Amekuja kwa hiari yake?" nesi mmoja akauliza.

"Amekuja na choo chake," Charlene akajibu.

Vidole viwili vilikatwa jioni ileile. Mguu ukabaki. Daktari akaniambia ningechelewa mpaka Jumamosi, angekata chini ya goti.

Kesho yake Rudy akaja kunitazama, akashindwa kuficha siri.

"Ndugu yangu, unakumbuka zile asubuhi nne shemeji aliposema anakwenda kufua?"

"Enhe?"

"Hajafua hata soksi. Alikuwa kwangu, anafunga trela yangu na kuifungua. Hatua zote anazijua, amekutazama miaka sita. Nilimsaidia kurudi nyuma tu."

"Kwa hiyo nilipokuita ulinisikia?"

"Vizuri sana. Unajua kutukana."

"Na ukuta wangu wa jikoni?"

Rudy akaangalia dari. "Ukuta wako mzima, hauna ugonjwa wowote. Ni shemeji alikuwa anaujaribu, aone ukiingia kiasi gani unaziba mlango wa choo."

Fyuzi tatu, wakuu! Swichi mpya!

Rudy alipoondoka nikamgeukia Charlene, nimefura.

"Umenifungia kama mfungwa! Saa moja na nusu sijui naenda wapi, gari siendeshi mimi, nikiuliza sijibiwi!"

Alikuwa anakunja mashati yangu. Hakuinua hata kichwa.

"Saa moja na nusu," akasema. "Mimi miaka sita, Duane."

Nililala nikiangalia ukuta, nikahesabu kila jimbo tulilopita, kila kambi, kila njia. Hata moja hakuchagua yeye. Mimi nilikuwa nasema "tunakwenda", na yeye anakunja viti.

Basi, somo langu ni hili. Nyumba ikinuka, jinuse kwanza wewe mwenyewe kabla hujapanda paani. Na kama kuna mtu umembeba miaka yote hiyo unamwita mwenzako wa safari, muulize anataka kwenda wapi.

Mimi nilimuuliza palepale kitandani. Akaliweka shati chini, akaniambia nirudie, maana lile swali alikuwa hajalizoea.