Mwaija na Vidonge vya Kutoa Ubepari Tumboni

Mwaija binti Mhina alizaliwa mnene. Mama yake alikuwa mnene, bibi yake alipita mlangoni kwa ubavu, na hata kuku wao walikuwa wanene, sijui kwa nini. Mwaka 1977, katika kijiji chetu cha ujamaa huko Mazingara, Handeni, unene huo ukageuka kosa la kisiasa. Mwaija alikuwa mpishi wa uji wa chekechea, na watoto walikuwa wembamba.

"Uji wa watoto unajulikana unakokwenda," alisema Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mbwana, mikono ameipumzisha juu ya kitambi chake. Hicho kilikuwa kitambi cha uongozi, hakihusiki. "Kijiji hakifugi kupe. Mwezi ujao tutaamua nani ashike sufuria."

Mwaija hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na watoto sitini wa kila asubuhi, waliomwita Mama Uji. Bila sufuria ile, asingeitwa chochote.

Akapanda lori hadi Korogwe, sokoni Kilole, kwa Bonaventura, muuza dawa mwenye kaunda suti na miwani ya kioo kimoja. Mbele yake zilitandikwa picha mbili: mwanamke mnene na mwanamke mwembamba.

"Huyu ndiye yule, akina mama! Siku kumi na nne tu! Vinatoa mafuta, gesi na ubepari wote tumboni!"

"Mbona huyu mwembamba ana mwanya, na yule hana?" aliuliza Mwaija.

"Mwanya ulizibwa na unene, mama yangu."

Watu wakacheka. Mwaija naye akacheka, na hapo ndipo alipokwisha.

"Havina madhara?"

"Madhara yatoke wapi? Ni majani matupu!"

Utupa wanaolevyea samaki mtoni nao ni majani matupu, waulize samaki.

Akanunua kopo moja, akameza viwili asubuhi na viwili jioni, kama alivyoelekezwa. Siku ya tatu tumbo likafunguka. Mwaka ule neno kipindupindu lilikuwa midomoni mwa kila mtu, kwa hiyo kabla ya adhuhuri mgambo walikuwa wamezungushia nyumba yake kamba na kumwaga chokaa hadi kwenye bustani ya mchicha. Akaja Dunstan, mganga wa zahanati.

"Bi Mwaija, nikiandika kipindupindu, kijiji kizima kinafungwa. Sema kweli, umekula nini?"

Wanawake walikuwa wamejipanga nje ya kamba, masikio wima. Kusema ni kuchekwa mpaka kaburini. Kunyamaza ni kuwafungia wale sitini. Mwaija akatoa kopo chini ya mto.

Dunstan akapasua kidonge kwa kisu. Nje kijani, ndani cheupe pee.

"Haya majani," alisema, "yameota hospitali gani?"

Mwaija alipona. Sufuria haikupona.

"Asiye na hatia angemeza dawa ya nini?" alisema Mbwana. "Alikuwa anapoteza ushahidi! Kama ametapeliwa, amlete huyo tapeli aseme alichotia. Kikao Jumatatu."

Jumamosi Mwaija akarudi Kilole, gauni likimpwaya. Hajafungua mdomo, Bonaventura akamwona.

"Tazameni! Mliomwona mwezi uliopita, semeni! Hii si picha, ni mtu!"

"Muongo wewe! Nusura unizike! Twende Mazingara ukaeleze ulichotia humo!"

"Mnasikia na sauti ilivyopata nguvu?"

Mwanamke mmoja alimgeuza Mwaija huku na huku kama kitenge dukani. "Lakini dada, umepungua kweli. Ulimeza vingapi?"

Mwaija alilia kwa hasira, na kadiri alivyolia ndivyo makopo yalivyoisha. La mwisho alilichukua mwanamume aliyevuta kofia mpaka puani. Bahati mbaya, kitambi hakina kofia.

"Ndugu Mwenyekiti!"

"Kielelezo," alijibu Mbwana, akilitumbukiza kopo mfukoni. "Cha kikao."

Jumatatu Mwaija alifika wa kwanza, akakaa benchi la mbele. Saa nne akatokea Katibu. Kikao kimeahirishwa, Mwenyekiti hawezi kukaa.

"Mpaka lini?"

"Mpaka aweze kukaa."

Nje watoto sitini walikuwa wakigonga vikombe. Sufuria ilikuwa imefungiwa stoo, ufunguo uko mfukoni mwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti yuko chooni.

"Mama Uji!" waliita watoto. "Mama Uji!"

Mwaija alikwenda kwenye mlango wa stoo, akautikisa kwa mikono miwili. Zamani angeusukuma kwa bega ukafunguka.