Bi Dhahabu na Pudini ya Ndizi

Mama yangu, Bi Dhahabu wa mtaa wa Shika Adabu, kwa kupika hana mshindani, na kwa kununa pia hana. Nasema nikiwa mwanawe. Siku ya arusi yangu, mwaka wa themanini na nane, mdogo wake Mwanatabu alionja chakula mbele ya wageni akasema, "Dada, hii pilau yako haijaiva." Basi. Kwa neno hilo moja, watoto wa tumbo moja wakakaa miaka mitatu hawasemezani. Mamdogo kwao Kisauni, sie Likoni, na ungedhani wanaishi nchi mbili. Mie nilikasirika nao wote wawili, maana arusi ilikuwa yangu na wao wakaigeuza yao.

Ramadhani ya mwaka wa tisini na moja, katika kumi la mwisho, Mamdogo akatuma salamu kuwa Ijumaa atakuja kufuturu kwetu. Mama alizipokea huku akichambua mchicha, uso hakuuinua. Baada ya kitambo akaniambia, "Mwanarehema, Ijumaa uje mapema. Nitampikia pudini ya ndizi. Akiondoka hapa na kinyongo harudi tena, namjua huyo."

Pudini hiyo ilikuwa ya marehemu bibi, aliyepika kwa wazungu Nyali miaka mingi. Kila Idi aliwapikia wanawe, na Mama na Mamdogo wakagombania kukomba sufuria kwa vidole. Tangu bibi afe, Mama hakuigusa.

Ijumaa nilimkuta kashaanza. Biskuti za maziwa alizipanga moja moja chini ya bakuli la kioo, iliyovunjika akiitenga. Ndizi za kisukari akazikata duara nyembamba, akazikamulia ndimu zisigeuke rangi. Kastadi aliikoroga kwa mwiko bila kuondoka jikoni hata watu walipobisha hodi. Na akaimba. Miaka mitatu sikuwa nimemsikia akiimba mbele ya jiko, na mie nikafurahi mno hata akili zikaniruka. Akasema, "Sukari naiona kidogo, nipe lile kopo." Nikampa kopo. Akatia vijiko viwili vilivyojaa.

Shida ya Ramadhani ni kuonja. Wako wanaoonja kwa ncha ya ulimi kisha wakatema, lakini kwa Mama usilitaje hilo, saumu yake haichezewi. Mie pia nilikuwa nimefunga. Tegemeo letu lilikuwa Rispa, jirani yetu wa bara, mke wa Wafula wa kiwandani Changamwe. Rispa ni Mkristo, hafungi, na mtaa wetu mzima yeye ndiye aliyekuwa na friji. Mwezi ule ulimi wake ulionja sufuria za nyumba tatu. Akachota kijiko, akaonja, akakitazama kijiko, akasema, "Iko sawa, Mama Mwanarehema. Ni tamu."

Tukapanga tabaka: biskuti, ndizi, kastadi, tena biskuti, ndizi, kastadi, mpaka bakuli likajaa na ubavuni mistari ikaonekana vizuri. Rispa akalibeba mwenyewe hadi kwenye friji yake, nasi tukamwalika aje jioni.

Mamdogo alifika karibu na adhana. "Shikamoo, dada." "Marahaba." Maneno yao yakaishia hapo. Tukafungua kwa tende na maji, tukala mhogo wa nazi na kaimati, na Mama hakumeza kitu. Kazi yake ilikuwa kuutazama mkono wa mdogo wake. Rispa akaleta bakuli, Mama akapakua kwa heshima zote.

Mamdogo alitia kijiko cha kwanza mdomoni akasita. Kisha akala cha pili, cha tatu, sahani ikaisha. "Niongeze, dada." Akaongezwa, akamaliza tena. Mama mabega yakamshuka, akacheka peke yake.

Ndipo nami nikaonja. Wallahi, chumvi. Makopo yetu yote mawili, la sukari na la chumvi, yalikuwa ya mafuta ya Kimbo, yanafanana, na aliyempa Mama kopo ni mie. Nikamgeukia Rispa kwa hasira, nikamnong'oneza, "Mbona hukusema?"

"Nilidhani ndivyo mnapenda," akanijibu. "Si hata maharagwe nyinyi mnayatia nazi?"

Mama alituona. Akachota kijiko, akaonja, uso ukamsawijika. "Mwanatabu, chumvi yote hii, umekula sahani mbili na hukusema kitu?"

Mamdogo akanywa gilasi nzima ya maji kwanza. "Dada, mara ya mwisho nilipokitoa kasoro chakula chako, nilikaa miaka mitatu sina dada. Leo hata ungenitilia mchanga ningekula."

Mama akakiweka kijiko chini. Niliogopa, kwa kuwa kununa kwake nakujua. Kisha akalivuta bakuli, akajipakulia sahani mpaka juu, akasogea kwenye mkeka hadi goti lake likagusana na la mdogo wake.

"Ile pilau haikuiva," akasema huku akitafuna. "Nilijua tangu jikoni."

Wakala, wakicheka mpaka machozi yakawatoka, na mie nikainuka kwenda kuwaongezea maji.